Breki ya Upande wa Abiria

Ilikuwa Jumapili, saa nne asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakianguka bila haraka. Mwalimu wa udereva alikuwa amevaa tai ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mkewe, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa ameketi kwenye kochi, miguu juu ya kigoda. Katikati yao, juu ya kiti cha peke yake, ilikaa koni: ile koni ya plastiki ya rangi ya chungwa ambayo wanafunzi wa udereva huizunguka kinyumenyume na mara nyingi huigonga. Ilikuwa imevalishwa kofia ya sufu. Wote walikuwa wakimsubiri mama yake Mwalimu, aje kusikia matokeo ya mtihani.

Mtihani ulikuwa umeanza mwezi mmoja kabla, na ulianza kwa sababu ya likizo.

Mke alifanya kazi kwenye kaunta ya dobi. Alipokea nguo, alipekua mifuko, na alitambua madoa kabla nguo hazijaingia kwenye mashine. Aliweza kutofautisha doa la chai na la kahawa kwa kutazama tu, na doa la bahati mbaya na la uongo kwa kumsikiliza mteja. Likizo ya uzazi ya pale kazini ilikuwa fupi. Alichotaka ni kukaa na mtoto wake nusu mwaka zaidi, bila mshahara, huku nafasi yake ikimsubiri. Bosi wake alikuwa amekubali, kwa sharti moja: apewe jibu kabla ya mwezi kwisha. Swali lilikuwa kama mshahara wa Mwalimu ungeweza kubeba watu watatu kwa muda wote huo.

Kama usingeweza, kulikuwa na mpango mwingine, na mpango huo ulikuwa na miguu.

Mama yake Mwalimu alikuwa matroni wa bweni la wasichana hadi siku aliyostaafu. Wasichana walimwita Kengele, kwa kuwa hakwenda popote bila kengele mkononi. Alikuwa amesema, mara moja tu na kwa sauti ya wajibu, kwamba ikibidi atahamia kwao amlee mjukuu ili mkwe wake arudi kazini. Alisema atakuja na kitanda chake. Hakusema lolote kuhusu kengele, na ukimya huo ndio uliowatisha zaidi. Mara ya mwisho alipowatembelea, alipitisha kidole juu ya kabati, akakitazama, akasema, "Mm." Hiyo "mm" ilikaa nyumbani wiki nzima.

Mwalimu alikuwa mtu wa utaratibu. Alisema kwamba hakuna anayepewa leseni kwa kudai anaweza kuendesha, lazima aendeshe. Kwa hiyo wangefanya mtihani wa vitendo. Kwa mwezi mmoja mshahara wa mke usingeguswa. Ungewekwa benki kwa ajili ya gharama za kujifungua. Wangeishi kwa mshahara wa mume peke yake, na kila jioni wangetia ndani ya kopo la maziwa pesa ambazo mtoto angekuwa amezitumia siku hiyo: nepi, sabuni, dawa ya vipele, na kadhalika. Ili wasimsahau mtoto, Mwalimu alileta koni kutoka kazini. Aliichagua kwa makini. Ilikuwa imegongwa na wanafunzi wengi hadi ikainama upande mmoja, kama mtu anayekusikiliza kwa huruma.

Kanuni ya kwanza ilikuwa kwamba koni haiachwi peke yake. Aliyetoka aende nayo, au atie kwenye kopo ujira wa yaya. Mke aliipeleka kazini, akaiweka chini ya kaunta, akamwambia bosi wake kuwa ni ya kuzuia watu wasiteleze. Mwalimu aliifunga mkanda kwenye kiti cha nyuma cha gari la shule ya udereva. Alidai kwamba wanafunzi waliendesha kwa adabu zaidi ilipokuwepo.

Matatizo yalianzia dirishani. Jirani wa mlango wa pili alimwona Mwalimu akizunguka sebuleni na kitu kilichofungwa kwenye shali, akikipigapiga mgongo. Kufikia saa kumi, nusu ya jengo ilikuwa imekuja kutoa pongezi, na jirani mwenyewe alileta pakiti mbili za nepi. Mke aliwaeleza, tumbo likiwa mbele yake pale pale, kwamba mtoto bado hajazaliwa. Jirani alilitazama tumbo. Kisha akaitazama koni. Akauliza kwa upole kama huyu, basi, ndiye kifungua mimba.

Tangu siku hiyo wakawa Baba Koni na Mama Koni, kwenye ngazi, dukani, na kwa mwenye nyumba. Mwalimu aliamua kwamba nepi za zawadi haziingii kwenye hesabu. Zilifungiwa kabatini. Mwanafunzi, alisema, hapewi alama kwa sababu barabara ilikuwa tupu.

Kanuni ya pili ilihusu dharura. Akiwa garini, Mwalimu alikuwa na desturi ya kusema ghafla, katikati ya mazungumzo ya kawaida, "Mtoto barabarani," ili aone mwanafunzi atakanyaga breki upesi kiasi gani. Nyumbani alitumia mbinu ile ile. Mkewe alikuwa ametenga pesa za viatu vipana, maana miguu yake ilikuwa imevimba na vile vya zamani vilikuwa vimemkataa. Siku aliyojiandaa kwenda dukani, Mwalimu aliweka kikombe chake cha chai mezani na kutangaza kwamba Koni ana homa. Ikahesabiwa teksi, ikahesabiwa daktari, zikahesabiwa dawa. Viatu vikaingia kwenye kopo.

Mke alikuwa mwanamke wa kusubiri doa lilowe.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alikuwa anavaa jezi ya timu yake, tayari kwenda uwanjani, mkewe alipoishika koni kichwani na kusema kwamba mtoto tumbo linamkata. Mwalimu aliuliza limeanza lini. Mkewe akamjibu kuwa limeanza alipovaa jezi. Mwalimu alisikiliza mechi kupitia ukutani, kutoka kwenye redio ya jirani, ambaye aliishabikia timu nyingine.

Hivyo ndivyo walivyokwenda hadi katikati ya mwezi, wakilalamika na kubana matumizi. Kisha malalamiko yakaisha. Hilo lingepaswa kuwashtua. Mwalimu alianza kuamka alfajiri na kutoka kwenda kukimbia, kwa afya, alisema, ili mwanawe asizaliwe na kumkuta baba mwenye kitambi. Mke alianza kurudi amechangamka, akisema siku hizi mapumziko ya mchana yanamsaidia. Soko halikuwauma tena. Kodi ya nyumba ililipwa siku yake. Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa heshima mpya, akiamini kwamba ndiye anayebana zaidi.

Sasa ilikuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, na mlango ukabishwa.

Mama aliingia, akapangusa viatu, akapitisha kidole juu ya kabati. "Mm," alisema, lakini leo aliisema haraka, kama mtu mwenye jambo jingine akilini. Aliketi kwenye kiti kilichotazama kalenda. Mwalimu akasimama, mikono nyuma, akatoa taarifa. Kodi imelipwa. Dukani hawadaiwi. Mshahara wa mke uko benki, mzima. Alifungua kopo na kuliinamisha ili kila mtu aone kwamba limejaa. Mtahiniwa, alisema huku akiiweka sawa tai yake, amefaulu.

Mkewe aliachia pumzi ambayo alikuwa ameishika mwezi mzima. Kesho angemwambia bosi. Aliweka mkono tumboni.

Ndipo Mama akacheka. Mwanawe hakuwahi kuusikia ule mcheko tangu azaliwe. Alipiga makofi, akasema kwamba hizo ni habari njema kuliko alivyotarajia, na kwamba basi kitanda chake kitabaki kilipo. Aliyasema hayo kama mshtakiwa aliyeambiwa aende zake nyumbani.

Mke alikuwa amesikiliza wateja wengi wakieleza madoa. Furaha ile ilikuwa kubwa kuliko shauri lenyewe. Alinyanyuka, akasema anakwenda kuweka maji ya chai, na huko jikoni akafunua pipa la mchele, ambalo mwezi mzima lilikataa kupungua. Alirudi na kiganja cha mchele katika kila mkono.

Alimwonyesha mumewe. Mchele walionunua mwanzoni mwa mwezi ulikuwa mfupi na mnene, na huu hapa, wa chini, ndio wenyewe. Huu mwingine ulikuwa mrefu na mwembamba. Tena pipa lilikuwa limejaa hadi shingoni. Mwalimu alisema aliona mchele haushuki, akadhani mkewe anapika kidogo. Mkewe akasema yeye alidhani mumewe anakula kidogo, ingawa kadiri siku zilivyopita alikuwa ananenepa, na jambo hilo lilimsumbua akili.

Mama aliitazama saa yake. Alisema mvua itaongezeka, na kwamba ni heri aondoke mapema.

Hapo ndipo alipofanya kosa. Kabla ya kunyanyuka, alitazama kushoto. Akatazama juu, katikati, mahali ambapo hapakuwa na chochote isipokuwa kalenda. Akatazama kulia, kisha akageuza shingo na kuangalia nyuma ya bega. Mkono wake ulishuka kando ya kiti, ukashika kitu ambacho hakikuwepo, ukakilegeza. Ndipo akainuka, taratibu, bila kurusharusha.

Mwalimu alikuwa amefundisha mfuatano ule kwa miaka kumi. Aliufahamu kama anavyofahamu jina lake.

"Mama," alisema. "Nani anakufundisha?"

Mama aliketi tena. Kwa kuwa mazoea ni mazoea, alivuta kwanza breki ya mkono.

Alieleza kwa ufupi, kama alivyozoea kupokea maelezo. Alikuwa mwanafunzi wa shule ya udereva iliyo ng'ambo ya barabara, ile inayotazamana na shule ya mwanawe na kumchukulia wateja. Aliichagua hiyo kwa sababu hakutaka kukaripiwa na mtu ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kufunga vifungo. Kila Jumatatu baada ya somo alipita hapa, wenyewe wakiwa kazini, akafungua kwa ule ufunguo waliompa wa tahadhari, na kumimina mchele kutoka kwenye mkoba wake. Mkewe Mwalimu alimuuliza kwa nini.

Mama aliikunja mikono yake mapajani.

"Niliahidi kuja kwa sababu mama mkwe huahidi," alisema. "Sikuwaambia ninatamani kuja. Nimelea mabinti wa watu miaka thelathini, mkwe wangu, kwa kengele. Nikiamka usiku bado nawahesabu. Sasa nataka kuendesha gari hadi mahali ambapo hakuna mtu anayelia."

Mwalimu alihitaji muda kuamua ni lipi lililomuuma zaidi, mchele au ile shule ya ng'ambo. Aliamua ni shule. Kisha akaukumbuka mtihani, na uso wake ukabadilika.

Aliwaeleza kwa huzuni ya kikazi. Gari la kujifunzia lina breki mbili, moja ya dereva na nyingine ya upande wa abiria, mahali anapokaa mwalimu. Katika masomo ya kawaida mwalimu huikanyaga kimyakimya, na mwanafunzi hujisifu kwamba amesimamisha gari vizuri. Lakini siku ya mtihani, ikiguswa ile breki hata mara moja, mtahiniwa ameanguka. Haijalishi alikuwa anaendesha vizuri namna gani.

"Na wewe uliigusa, Mama," alisema. "Kila Jumatatu."

Hilo halikupaswa kusemwa kwa mtu yule. Mama alinyoosha mgongo, na mbele ya macho yao mwanafunzi wa udereva akatoweka, akabaki Kengele. Alikuwa amewakagua wasichana wengi waliosema wametoka maktaba. Macho yake yalishuka hadi kwenye miguu ya mwanawe.

"Vua viatu."

Mwalimu alivua. Mama aliviinua vyote viwili kuelekea dirishani. Soli ya kushoto ilikuwa nzima. Ya kulia ilikuwa imetoboka chini ya vidole, na mwanga ukapita. Mkewe alisema huenda ni kwa sababu ya kukimbia kila alfajiri. Mama alisema kwamba hajawahi kumwona mtu anayekimbia kwa mguu mmoja. Mwalimu, akiwa amesimama kwa soksi na tai, alikiri kwamba hakuwa anakimbia. Alikuwa anawafundisha udereva wauguzi wa zamu ya asubuhi, kabla ya shule kufunguliwa. Pesa alizipenyeza kwenye pochi ya soko.

Mkewe alikuwa anafungua mdomo ili amkasirikie, Mama aliponyoosha kiganja upande wake.

"Mkono."

Kidole cha shahada kilikuwa kimechomwachomwa na sindano hadi kikafanana na chujio. Mke hakujitetea. Alisema kwamba saa ya mapumziko amekuwa akibadilisha zipu na kushona vifungo vya wateja, na kwamba pesa zake nazo ziliingia kwenye pochi ile ile. Ndiyo maana soko halikuwauma. Walikuwa wamekutana mle ndani ya pochi mwezi mzima bila kuonana.

Wote waliitazama koni. Ndiyo peke yake iliyokuwa haijadanganya.

"Basi tumeanguka," alisema mke.

Alilisema taratibu, akitazama tumbo lake, na Mwalimu akaona kwamba mzaha umekwisha. Alijaribu kumfariji. Wengi huanguka mara ya kwanza, alisema, na mtihani unaweza kurudiwa mwezi ujao. Mkewe akamkumbusha kwamba bosi anataka jibu kesho. Mwalimu akaanza sentensi iliyokuwa na neno kitanda ndani yake. Mama akafumba macho, kama mtu anayengoja sindano.

Lakini mke alikuwa bado anafikiri. Aliinyanyua koni kutoka kwenye kiti chake, akaipakata kwenye nafasi ndogo iliyosalia mapajani.

"Hebu ngojeni," alisema. "Kodi imelipwa. Kopo limejaa. Hatudaiwi na mtu. Gari limefika, Baba Koni, hata kama kila mtu alikuwa anakanyaga breki yake."

Mwalimu alisema kwamba kufika si hoja. Mtihani ulikuwa wa mshahara mmoja.

"Huo ulikuwa mtihani wako. Mimi sikuomba kuishi kwa mshahara mmoja. Niliomba kukaa na mwanangu."

Mwalimu alifungua mdomo ili ataje kanuni. Mama alimwambia akae chini avae viatu.

Mazungumzo yaliyofuata yalikuwa mafupi, kwa sababu yaliendeshwa na wanawake. Zipu zinaweza kushonwa nyumbani. Mwenye dobi angefurahi kutuma mfuko kila wiki kuliko kuwarudishia wateja suruali zisizofungika. Wauguzi waendelee kufundishwa alfajiri, ila kazi hiyo isiitwe tena kukimbia. Nepi za jirani zitolewe kabatini. Nao mchele upitie mlangoni, mchana, mbele ya watu, badala ya kuja mkobani.

Hapo Mama akakohoa. Alisema mchele atautoa kwa moyo wote, lakini pensheni yake inaliwa na ada ya masomo, na huu uliokuwemo pipani aliununua kwa kuacha kununua sukari. Hawezi kulipia vyote viwili miezi yote hiyo. Labda, alisema akiitazama kalenda, angepata shule ya udereva isiyotoza ada.

Nyuso mbili zilimgeukia Mwalimu.

Mwalimu aliitazama koni, kana kwamba ingemtetea. Alisema kwamba hafundishi ndugu. Ilikuwa kanuni ya shule, na yeye ndiye aliyeipendekeza, wiki ile ile alipojaribu kumfundisha mkewe. Hiyo ndiyo sababu mkewe anakwenda kazini kwa miguu hadi leo. Alisema ndoa ilipona kwa shida, na kwamba hajui kama mama hupona. Alizidi kueleza. Alikuwa amefika kwenye suala la bima mkewe alipomkatiza, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mtoto barabarani."

Mguu wa kulia wa Mwalimu ulikanyaga sakafu kwa nguvu kabla yeye mwenyewe hajajua. Soli iliyotoboka ikamalizikia pale pale. Alibaki hivyo, mguu bado umekandamiza zulia, mdomo wazi, sentensi yake imesimama katikati ya njia.

Wanawake walilihesabu hilo kuwa ndiyo. Maji ya chai yalikuwa yamechemka zamani.

Jumatatu mvua ilikatika. Mke alimwambia bosi wake kwamba atakaa nyumbani nusu mwaka, akarudi na mfuko wa suruali. Kwa pesa za kopo la maziwa alinunua viatu vipana. Mwalimu naye alinunua viatu, akalalamika dukani kwamba alihitaji kimoja tu. Mama alivuka barabara, akadai salio la ada yake hadi akapewa, akanunua gunia la mchele na kulileta mlangoni huku akipiga kengele. Jumatano alianza masomo kwa mwanawe, na kabla ya saa sita alikuwa amegonga koni zote za uwanja isipokuwa moja. Hiyo moja ilikuwa imevaa kofia ya sufu. Jirani wa mlango wa pili alileta pakiti nyingine ya nepi, kwa ajili ya mtoto wa pili.